Futa Miguu Kwanza

Ukitaka kujua shujaa gani anapendwa katika jarida letu la katuni na shujaa gani yuko mbioni kufa, usilisome jarida. Njoo ofisini uangalie meza. Meza ya dirishani ni ya anayemchora Kishindo, shujaa wetu mkuu, ambaye kwa miaka ishirini na miwili amekuwa akipiga ngumi majengo ya watu na kuondoka bila kuomba radhi. Meza zinazofuata ni za mashujaa wa pili, wale wanaotokea ukurasa wa nne kusema "Kishindo, nyuma yako!" kisha hawaonekani tena mpaka mwezi ujao. Halafu kuna meza ya karibu na mlango wa choo. Baada ya choo kuna korido, na mwisho wa korido kuna stoo. Shujaa akipanda, meza ya mchoraji wake inasogezwa kuelekea dirishani. Akishuka, inasukumwa kuelekea chooni, na wenzako waliokuazima raba jana wanaanza kukusalimia kwa nyusi.

Meza yangu mimi, ya ukutani, haijawahi kusogea. Kazi yangu ni kuandika maneno. Wachoraji wakimaliza, kurasa zinaletwa kwangu zikiwa na viputo vya maneno vitupu, nami nakaa na kalamu yangu ya wino na kuvijaza kwa mkono, kimoja baada ya kingine. Mtu anayeandika "Aaaah!" na "Utajuta!" hapandishwi wala hashushwi. Kwa hiyo nimekaa ukutani miaka mingi nikiwatazama wote wanavyopita na meza zao, wengine vichwa juu, wengine wamenywea, na sitadanganya kwamba imenifanya niwaheshimu.

Kwanza nikuambie hivi: kupanda kwa shujaa wa pili hakuna uhusiano wowote na ushujaa. Mchukue Tochi, kijana anayetoa mwanga kwenye viganja. Ni shujaa wa ovyo, na hata aliyemchora analijua hilo. Mwaka mmoja umeme ukakatika mji mzima wiki sita. Watoto wakampenda Tochi kama ndugu yao wa tumbo moja, barua zikaja kwa mafurushi, na mchoraji wake akahamia meza ya pili kutoka dirishani na kuanza kuvaa miwani ambayo macho yake hayakuihitaji. Umeme ukarudi. Haukupita muda Tochi alikuwa anawabebea wenzake mikoba. Mama Kioo naye alipanda kwa sababu kampuni moja ya mafuta ya nywele ilitaka tangazo lenye kioo. Kampuni ilipohamia kwingine, Mama Kioo alitumwa safari ya mbali kwenda kutafuta asili yake. Hajarudi, na hakuna aliyeuliza. Kwetu hiyo inaitwa kusafirishwa. Ukisikia shujaa wako anakwenda kutafuta asili yake, kusanya penseli zako.

Sasa Bawabu. Bawabu alichorwa na mjomba wangu, kaka yake mama, ambaye ndiye aliyenitafutia kazi pale. Mjomba ni mtu wa maneno machache, mwenye madoa ya wino kwenye kila shati alilonalo, na kwa miaka kumi na tisa meza yake haikuwahi kuvuka katikati ya chumba. Uwezo wa Bawabu ulikuwa mmoja tu: mlango aliosimama yeye, hapiti asiyetakiwa kupita. Hakupigana na hakuruka, na joho hakuwa nalo. Alikuwa mzee mwembamba mwenye koti la vifungo vinne, ameinama kidogo upande wa kushoto, amesimama kwenye lango la makao makuu ya mashujaa. Kila toleo, ukurasa wa pili, Kishindo anarudi kutoka vitani amejaa matope, na Bawabu anamwambia neno lile lile: "Futa miguu kwanza." Na Kishindo, mtu anayerusha magari ya vita kama maganda ya karanga, anafuta miguu.

Ule mgongo ulioinama kushoto ulikuwa wa babu yangu. Alikuwa bawabu wa kiwanda cha sabuni miaka thelathini na mmoja, na funguo za kiwanda kizima zilining'inia kiunoni upande wa kushoto mpaka mwili ukakubali kulala huko. Wakurugenzi walifuta miguu kwake. Picha alipigwa moja tu maishani, ya kitambulisho cha kazi, na siku aliyostaafu kiwanda kilichukua kitambulisho pamoja na koti. Mwaka uliofuata alifariki. Kwa hiyo sura pekee ya babu iliyobaki duniani ilikuwa kwenye jarida la katuni, nyuma ya bega la Kishindo, kubwa kama dole gumba.

Bibi, mke wa babu na mama yake mjomba, anaishi nami. Kila jarida jipya linapotoka namletea. Anachukua kioo chake cha kukuzia herufi, anafungua ukurasa wa pili, anatafuta, anasema "Yupo," kisha analifunga na kulipanga kabatini na mengine. Hajawahi kusoma ukurasa wa tatu. Mjomba alijua hilo, nami nilijua, na hakuna aliyelizungumza.

Kisha akaja mhariri mpya. Alitokea kwenye biashara ya magodoro, tukamwita Bwana Godoro. Sisemi kwa dharau. Au tuseme nasema kwa dharau, lakini pia ni kweli. Siku ya kwanza alisimama mbele yetu akasema, "Katuni ni kama godoro. Mtu akilala juu yake, lazima ajisikie." Hakuna aliyeelewa, na wote waliandika kwenye madaftari yao. Kola, anayemchora Kishindo, tuliyempa jina hilo kwa sababu ukosi wa shati lake umesimama hata wakati wa joto, alipigia mstari.

Baada ya wiki mbili Bwana Godoro aliitisha kikao. Alikuwa amehesabu barua za wasomaji na kuwapanga mashujaa kwenye karatasi moja kubwa ubaoni. Bawabu alikuwa chini kabisa, chini hata ya mbwa wa Tochi.

"Bawabu," alisoma. "Miezi sita, barua nne."

Barua zile nilikuwa nimeziona. Mbili aliziandika mjomba mwenyewe kwa mkono wa kushoto, akidhani mtu anayeishi kwa kuandika herufi hawezi kuujua mwandiko wa mjomba wake. Ya tatu niliiandika mimi kwa niaba ya bibi. Ya nne ilikuwa ya mtu aliyelalamika kwamba jarida lilimfikia limelowa.

"Mzee wangu," Bwana Godoro alimgeukia mjomba, "usinielewe vibaya. Bawabu tunamheshimu. Ndiyo maana tunampa kifo kizuri."

"Kizuri vipi?" mjomba aliuliza.

"Kishindo anahitaji huzuni. Wasomaji wa siku hizi wanataka shujaa aliyeumia. Sasa aumie kwa ajili ya nani? Mke hana, mtoto hana. Huyu Bawabu yupo yupo tu pale mlangoni."

"Kwa kweli Kishindo akilia atanoga," Kola akasema.

"Utatuonyeshaje kwamba analia?" nikamuuliza. "Miaka yote hii umemficha nyuma ya kinyago kwa sababu macho yanakushinda."

"Dada, wewe utaletewa maneno yako," Bwana Godoro akasema bila kunitazama.

Mjomba alikuwa anaitazama ile karatasi ubaoni. "Nani atachora?" akauliza.

"Wewe mwenyewe, mzee wangu. Ni heshima."

Hivyo ndivyo tunavyoheshimiana pale. Walitaka lango la makao makuu limwangukie. Mtu aliyesimama mlangoni miaka kumi na tisa, na hawakumpa hata adui, walimpa ubao. Mjomba alichora kwa wiki tatu, ukurasa wa kumi na tisa, na kazi ilipofika mezani kwangu niliona kwamba hakumchora akianguka. Alimchora amesimama, kisha lango liko chini, na kiatu kimoja kinachoonekana pembeni, kisafi.

"Hapa hakuna kiputo," nilimwambia. "Aseme nini?"

"Ana la kusema tena? Lango limeshamwangukia."

"Na bibi utamwambia nini, mjomba?"

"Nitamwambia amesafiri."

"Bibi si msomaji wa mitaani wa kuambiwa mtu amesafiri."

Alikuwa ameshaanza kukusanya penseli zake kwenye kopo. Siku ile ile meza yake ilitolewa koridoni. Kola aliishika pembe moja kwa vidole viwili kana kwamba imemwagikiwa na kitu. Mjomba aliambiwa achore matofali na madirisha ya nyuma ya wengine mpaka mwisho wa mwezi ujao, na baada ya hapo stoo, na baada ya stoo hakuna meza nyingine.

Toleo la kifo likatoka. Nilimletea bibi huku nimeshikilia roho. Alifungua ukurasa wa pili, ambako Bawabu alikuwa bado hai, akasema "Yupo," akalifunga. Ukurasa wa kumi na tisa hakuufikia. Nilipumua, lakini nilijua nimenunua mwezi mmoja tu. Toleo lijalo angeinua kioo chake juu ya lango tupu, na ningekuwa nimeketi mbele yake.

Hapo ndipo lilipotokea kosa ambalo, nadhani, lisingeweza kutokea mahali pengine popote ila kwetu.

Lile lango la ukurasa wa pili halichorwi. Lilichorwa mara moja, na mjomba, miaka kumi na tisa iliyopita, kwenye karatasi ngumu tunayoiita karatasi mama. Kila mwezi karatasi mama inalazwa juu ya meza ya kioo yenye taa chini yake, karatasi safi inawekwa juu, na mistari inafuatishwa kwa kalamu. Langoni yupo Bawabu, na juu ya kichwa chake kipo kiputo. Anayefuatisha ni jamaa tunayemwita Redio, kwa sababu sikio moja limezibwa na matangazo ya mpira wa miguu tangu asubuhi mpaka jioni. Redio hatazami anachokifuatisha. Anafuata mstari kama mtu anayefuata foleni. Kila mtu alikuwa ameambiwa kwamba Bawabu amekufa isipokuwa karatasi mama, na hakuna aliyefikiri kuiambia.

Redio akafuatisha lango, na Bawabu, na kiputo. Ukurasa ukaja kwangu pamoja na ishirini na tatu nyingine, siku moja, ukiwemo wa hotuba ya mazishi ya Kishindo ambayo ilikuwa ndefu kuliko mazishi yenyewe. Mkono ulikuwa umechoka. Ulikiona kile kiputo kitupu juu ya kile kichwa, ukaandika kilichoandikwa humo kila mwezi. Wapo wanaosema nilifanya makusudi. Redio mpaka leo ananikonyeza. Naapa sikufanya makusudi, na inaniuma, kwa maana ningekuwa na akili ya kufanya makusudi ningejivunia mpaka kaburini.

Bwana Godoro hakuona, kwa sababu hasomi jarida, analipima uzito kwa kiganja. Likachapishwa. Ukurasa wa kwanza Kishindo anamzika Bawabu kwa mikono yake mwenyewe, mvua inanyesha. Ukurasa wa pili anarudi makao makuu amejaa udongo wa kaburi, na Bawabu amesimama langoni anamwambia, "Futa miguu kwanza."

"Yupo," bibi alisema.

Jumatatu Bwana Godoro alisimama katikati ya chumba na jarida mkononi, mishipa ya shingo imemsimama. "Nani?" Redio akanionyesha mimi, nami nikamwonyesha Redio. "Basi wote wawili nje! Na yule mzee wenu wa koridoni awafuate!"

Nilikuwa nafunga chupa yangu ya wino pale karani alipoingia na kusema simu haitulii. Jumatano barua zilijaza kikapu cha karatasi chafu, ikabidi kitolewe kile cha pili. Wasomaji walikuwa wameona kitu ambacho hakuna hata mmoja wetu aliyekiona. Mtu amekufa na hakuiacha zamu yake! Msichana mmoja aliandika kwamba amelia darasani na mwalimu akalia naye. Wengine waliapa kwamba vivuli vya matoleo ya tangu mwaka juzi vilikuwa vinaashiria jambo hili. Vivuli vile ni madoa ya chai ya Redio. Wiki ya pili maneno "Futa miguu kwanza" yalianza kuonekana kwenye milango ya shule, kwa vinyozi, hata kwenye ofisi moja ya wanasheria ambako nadhani yalihitajika.

Bwana Godoro akakohoa, akanyoosha tai. Alipohojiwa na gazeti alisema, "Tulitaka kumuuliza msomaji: je, wajibu unazikwa?" Alisema alilipanga kwa miezi. Barua ya kutufukuza alimwomba karani aichane, naye karani, ambaye ni mtu mwenye busara, aliihifadhi.

Meza ya mjomba ilisafiri kutoka koridoni mpaka dirishani kwa siku kumi na moja. Kola, aliyeishika kwa vidole viwili, safari hii aliikumbatia. Watu waliokuwa wakimsalimia kwa nyusi sasa walitamka "Shikamoo" kwa silabi zote, mmoja akamletea chai, mwingine akaja kuangalia kama chai ina sukari. Mchoraji wa Tochi alimwambia kwamba siku zote alijua. Walijua nini, hao? Miaka kumi na tisa walipita mbele ya yule mzee langoni wakienda chooni.

Mjomba alikuwa na furaha. Alikaa kwenye mwanga, mabega wazi, akawa anapiga mluzi. Nami nilifurahi kwa ajili yake, naona haya kukiri, kwa sababu nilifikiri shida imekwisha na babu amepona.

Kisha Bwana Godoro akasogeza kiti chake karibu na dirisha. Bawabu sasa atakuwa na jarida lake mwenyewe, akasema, na hataonekana tena kwenye la Kishindo, ili watu wanunue yote mawili. "Sasa, mzee wangu, wasomaji wanampenda. Tumpe kifua."

"Wamempenda bila kifua," nilisema kutoka ukutani.

"Dada, maneno."

Nikamtazama mjomba, nikingoja akatae. Sikuwa na wasiwasi hata kidogo. Yule alikuwa baba yake.

Mjomba alijikuna kidevu. "Kifua kidogo si vibaya," akasema.

Ilianza hivyo, kwa kifua kidogo. Wiki iliyofuata koti la vifungo vinne likawa joho jeusi. Halafu umri ukapungua, kwa sababu Bwana Godoro alisema hakuna mtoto anayetaka kuwa mzee. Halafu akapewa kisa cha utotoni, nyumba iliyoungua. Kila kitu mjomba alikifuta mwenyewe, kwa raba yake mwenyewe, akipuliza vumbi kwa mdomo. Siku aliyounyoosha ule mgongo nilikuwa namtazama. Aliufuta kuanzia shingoni kushuka, akachora mwingine ulionyooka kama rula, kisha akanyanyua kichwa akaniuliza, "Unaonaje?"

"Nimeona watu wakitupwa nje na wengine," nikamwambia. "Anayemtupa babaye mwenyewe ndiyo kwanza leo namwona."

"Wewe hujui kukaa koridoni kulivyo," akasema, na akarudi kwenye karatasi.

Nilimchukia mjomba. Niseme tu wazi. Wale wengine nilikuwa nawadharau, na dharau haichoshi, unaweza kwenda nayo kazini na kurudi nayo. Huyu nilimchukia mpaka chakula kikanishinda. Na ukurasa ulipofika kwangu, jalada la jarida jipya, Bawabu amepiga teke mlango mpaka vipande vinaruka kila upande na juu yake kiputo kikubwa chenye maneno aliyoyatunga Bwana Godoro mwenyewe, "Mlango ni mimi!", niliyaandika. Kwa herufi nene, na mstari chini. Kwa hiyo usidhani najitoa kwenye hesabu.

Jumapili mjomba alikuja nyumbani na jarida akiwa amelifunga kwenye karatasi ya zawadi. Bibi alikuwa kitini mwake karibu na kabati. Alilifungua, akachukua kioo chake, akaenda moja kwa moja ukurasa wa pili. Alitafuta kwa muda mrefu, pembeni, nyuma ya mabega ya watu, huko kwenye kona anakokujua.

"Yuko wapi?" akauliza.

"Huyo hapo katikati, mama," mjomba akasema, na akainama kumwonyesha kwa kidole. "Siku hizi yuko katikati."

Bibi aliweka kioo juu ya yule kijana mwenye kifua. "Huyu ni nani?"

"Ni baba, mama."

Alirudi kwenye jalada. Alilitazama jalada kipande kwa kipande, kama mtu anayechambua mchele. "Amevunja mlango," akasema.

"Ndizo nguvu zake, mama. Hakuna mlango unaomzuia."

"Na nani atautengeneza?"

Mjomba aliondoa kidole chake kwenye karatasi. Mimi, ambaye sikosi la kusema, nilitazama sakafu. Bibi alilikunja jarida taratibu, akalirudisha ndani ya karatasi ya zawadi, akakunja na zile pembe vizuri, akamkabidhi mwanawe kwa mikono miwili kama mtu anavyorudisha mzigo uliokosea nyumba.

"Mpelekee mwenye nalo, mwanangu," akasema. "Huyu hatumjui."

Jumatatu nilipofika kazini nilisikia mlio wa miguu ya meza ikikwaruza sakafu. Mjomba alikuwa anaisukuma meza yake peke yake kutoka dirishani, kopo la penseli likitikisika juu yake. Alipita meza ya Kola, na Kola akanyanyua miguu kumpisha. Alipita ya mchoraji wa Tochi, akafika mlango wa choo, na nilidhani ataishia hapo, lakini aliendelea mpaka koridoni.

"Mzee wangu!" Bwana Godoro alimfuata mbio. "Unafanya nini?"

"Narudisha meza."

"Na Bawabu atachorwa na nani?"

"Yule? Yeyote. Mpe Kola, anaweza vifua." Alikuwa anahema. "Mimi nipe kazi ya Redio. Ile ya kufuatisha lango."

Bwana Godoro alimtazama kama mtu aliyemwona mteja akiomba kulala sakafuni. Kazi ya kufuatisha ndiyo ya chini kuliko zote katika jengo zima, hata Redio aliifanya kwa sikio moja. "Lango tupu," akamwonya. "Bila yule mzee. Yule sasa ana jarida lake."

"Nimesikia," mjomba akasema. Hakusema amekubali. Bwana Godoro hakuwa mtu wa kusikiliza tofauti.

Nilimpelekea chai koridoni, mimi mwenyewe, na sikuangalia kama ina sukari. "Shikamoo, mjomba," nikasema. Akaitika marahaba, akaipokea, akanywa, tukaishia hapo.

Bawabu wa kifua alidumu matoleo kumi na manne. Halafu akazuka msichana mmoja wa kwenye jarida la Kishindo, Kengele, aliyepanda kwa sababu wimbo fulani ulikuwa na neno kengele ndani yake, na ubaoni Bawabu akaanza kuteremka. Mwezi mmoja nililetewa maneno yake ya mwisho niyaandike: anakwenda mbali, kutafuta asili yake. Kola alikusanya penseli zake mwenyewe. Sasa yuko karibu na mlango wa choo na ukosi umelala. Bwana Godoro amehamia kwenye biashara ya mapazia, na mhariri aliyekuja baada yake naye ana karatasi yake ya ubaoni.

Na lango lipo, ukurasa wa pili, kila mwezi. Mjomba anawasha taa chini ya kioo, analaza karatasi mama, na anafuatisha kila kilichomo. Yule mzee yupo kona ya kushoto, nyuma ya bega, ameinama upande wake ule ule. Hayumo kwenye orodha ya mashujaa, jina hana, na kwenye karatasi ya ubaoni hajawahi kuandikwa hata chini ya mbwa. Wahariri wawili wamempitia bila kumwona. Kiputo chake mjomba amekifanya kidogo mno, kidogo kuliko punje ya mpunga, na naandika ndani yake kwa kalamu niliyoinunua kwa kazi hiyo tu, nimebana pumzi.

Mara ya kwanza yule mzee aliporudi langoni, nililichukua jarida likiwa bado linanuka wino, nikakimbia nalo nyumbani, nikaingia hadi kwenye kiti cha bibi bila hata kubisha hodi. Alichukua kioo chake, akatafuta.

"Yupo," akasema.

Alilifunga jarida na kuliweka mapajani. Kisha akatazama viatu vyangu, akatazama alama za matope nilizoziacha kutoka mlangoni, na akaendelea kuzitazama mpaka nikarudi nje.